Mkaa Unaojua Kuachia

Jumapili, 3 Machi

Leo naanza, na nimejiwekea sharti moja: humu nitasema yote, hata yale niliyoapa kuyanyamazia kwingine. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema anayejidanganya kwenye shajara yake ni kama anayecheza karata peke yake na bado anaiba. Basi mimi siibi.

Bibi anaumwa. Ni saratani ya titi. Mama yangu hajui.

Nyumbani tuko watatu, Bibi, Mjomba na mimi. Mama ndiye mtoto wa kwanza wa Bibi, na yuko ng'ambo anasomea udaktari wa utafiti. Aliondoka nikiwa darasa la tano. Sasa nimempita Bibi kwa urefu, na Mama hajawahi kuniona nikiwa mrefu. Anaponiwazia, sijui anamwaza nani.

Siku Bibi alipopewa majibu aliniita chumbani, akanishikisha ile pasi yake ya zamani ya mkaa (baridi, namshukuru Mungu) na kuniambia niape. Nikaapa. Akasema alipiga pasi nguo za watu mpaka kiganja kikawa kigumu kama soli ili binti yake asome, na hakupiga pasi ili mtu arudi njiani kuja kumshikia beseni. "Amalize kwanza. Mimi sina haraka."

Hana haraka! Na ugonjwa je?

Ijumaa, 8 Machi

Shule nimeomba ruhusa, nimempeleka Bibi hospitali. Ni mara yake ya nne kuwekewa dawa.

Chumba cha dawa kina viti sita vya kuegemea, vya plastiki ya kijani, na kimoja kimepasuka mkononi kikazibwa na plasta. Bibi hupenda hicho. Anasema mgonjwa na akae kwenye kiti kigonjwa.

Dawa yake ni nyekundu. Nyekundu kabisa, kama sharubati! Inaletwa ndani ya mfuko mweusi kwa sababu haipendi mwanga. Bibi ameibatiza "Bi Harusi": inakuja imefunikwa, inakuja polepole, na ikiingia kila mtu ananyamaza. Nesi Kicheko (hivyo ndivyo wagonjwa wote wanavyomwita) alimpa Bibi barafu ya kumung'unya ili mdomo usichubuke. Akasema asishtuke, leo mkojo utakuwa mwekundu.

Mjomba alipoambiwa hayo nyumbani akasema, "Mama, usiumwage basi, nina kitambaa nataka kukitia rangi." Bibi alimrushia kandambili. Ikampata!

Lakini jambo ninalotaka kuliandika ni hili. Nilisoma jina la dawa kwenye karatasi ya mfuko. Jina refu, gumu. Nalijua. Mama hulitaja kila Jumamosi kwenye simu. Ndiyo dawa anayoifanyia utafiti!

Mama yuko huko anaitengeneza upya dawa ile ile inayoingia mkononi mwa mama yake, naye hajui.

Jumamosi, 9 Machi

Mama amepiga. Kila Jumamosi hupiga kwenye simu ya Mjomba, kwa sauti tu. Kwa picha tumeacha tangu nywele za Bibi ziliponyonyoka: Mjomba alibandika kitambaa cheusi juu ya kamera akamwambia Mama imekufa. "Fundi cherehani hashindwi na tundu," alisema. Siku hizo Bibi naye huwa "amelala" au "ametoka kidogo". Anaogopa sauti yake itamwumbua.

Nilimwomba Mama anieleze kazi yake, nikasema ni kwa ajili ya kemia. Alifurahi! Sauti ilipanda kama ya msichana mwenzangu. Nimejaribu kukumbuka kila neno.

Amesema dawa ile ni ya zamani na ni nzuri, shida yake haijui njia. Ikiingia kwenye damu inabisha hodi kila nyumba. Inabisha kwenye uvimbe, sawa, lakini inabisha pia kwenye nywele, tumboni, na mbaya zaidi kwenye moyo. Moyo ukibishiwa hodi mara nyingi unachoka. Kwa hiyo hawaibadilishi dawa yenyewe. Wanaipa mbebaji. Mbebaji ni kaboni, vipande vyembamba mno, unene wa chembe moja moja, kiasi kwamba ukivilundika maelfu kwa maelfu hujafikia unene wa unywele. Dawa inajilaza juu ya kipande na kushikamana nacho. Kwenye damu kipande hakiiachii. Lakini uvimbe una uchachu zaidi kidogo kuliko damu, na kikifika penye uchachu, kinaachia.

"Yaani ni mkaa?" nikamwuliza.

Akacheka. Alisema ni binamu yake mkaa, aliyesoma sana.

Nilimsimulia Bibi baada ya simu. Alikuwa amejilaza, kitambaa kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Makubwa haya! Nimemsomesha kwa mkaa, naye kaenda kusomea mkaa!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akageukia ukutani. Nadhani alikuwa anaona fahari. Nadhani pia alikuwa analia.

Mimi sikulala upesi. Nilikuwa nawaza: na kama dawa ya Mama ikiwahi?

Jumapili, 10 Machi

Siku mbaya!

Mjomba alikuwa mlangoni jana nikimsimulia Bibi. Alisikia nusu. Na nusu aliyoisikia ni mkaa.

Leo asubuhi nikiwa nafua, akachukua vipande kutoka gunia la jikoni, akavitwanga, akachekecha ungaunga kwa kitambaa cha bitana, akauchanganya na maziwa ya vuguvugu. Akampa Bibi anywe pamoja na vidonge vyake vya kuzuia kutapika. "Kama mkaa ndiyo dawa, mbona sisi tunao gunia zima?" Bibi akanywa. Alininong'oneza baadaye kwamba alikunywa kwa sababu ni wazo la binti yake.

Kufika mchana Bibi alianza kutapika. Meusi! Beseni lote jeusi, na hakukuwa na kupumzika katikati. Vidonge havikufanya kazi hata kidogo. Namba ya hospitali iliita, haikupokelewa. Mjomba alikuwa anazunguka mezani kama kuku. Mimi nikachukua simu yake, nikafanya nilichojua. Nilimpigia Mama.

Nikamwuliza mbio mbio: mtu wa dawa ya saratani akinywa unga wa mkaa pamoja na vidonge vya kuzuia kutapika, inakuwaje?

Alinijibu kwanza, kama daktari. Mkaa umevinasa vidonge kabla tumbo halijavipata. Asipewe tena hata chembe. Maji kidogo kidogo kwa kijiko. Akishindwa kushikilia maji, hospitali papo hapo. Kisha akaniuliza, polepole, ni nani huyo aliyekunywa mkaa.

Nikasema ni mama wa rafiki yangu wa shule. Nikasema nilikuwa nimewaeleza kazi yake wakaelewa vibaya.

Akauliza, "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Uongo umetoka laini kama uzi kwenye sindano. Sikujua nina ufundi huo.

Kijiko kwa kijiko, Bibi alitulia kabla ya jua kutua. Mjomba alikaa kizingitini, bila futi yake ya kupimia shingoni, na sijawahi kumwona bila futi. Bibi alimwita. Nilidhani atamgombeza. Akamwambia, "Mkaa unatiwa kwenye pasi, baba. Hautiwi kwenye mama yako." Mjomba akacheka huku anajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu wa kemia tunamwita Tindikali, naye anajua, na nadhani anapenda. Nilibaki baada ya kipindi nikamwuliza kuhusu mkaa. Sikumwambia kwa nini. Hakuuliza.

Alinipa chupa ya maji yenye rangi nyekundu na mkaa uliosagwa. Nikatia, nikatikisa, nikachuja kwa karatasi. Yalitoka meupe! Meupe kama ya mvua! Nilipiga kelele mpaka mtu wa maktaba akachungulia.

Tindikali hakutabasamu. Akasema sasa nitoe ile rangi. Nikamimina siki. Nikatikisa. Nikamimina tena. Mkaa umekaa kimya, rangi imo ndani, haitoki. Akasema kunasa kila mkaa unajua. "Kazi ni kuachia, na kuachia mahali panapotakiwa. Hapo ndipo watu wanapomalizia ujana wao."

Nimefika nyumbani nimechoka kuliko siku ya mbio. Ina maana Mama anafundisha mkaa kuachia. Miaka yote hii. Na ndiyo sababu hajarudi.

Nani atamfundisha Mama?

Hapana, hilo nimeandika kwa hasira. Silifuti kwa sababu ya sharti langu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefungua sanduku la nguo za Mama. Gauni lake la samawati lipo, lile la kola nyeupe. Nimelinusa. Halina harufu yoyote. Bibi huweka kipande cha mkaa sandukuni ili unyevu usile nguo, na mkaa umenasa kila kitu, hata Mama mwenyewe.

Nimeutoa ule mkaa nikautupa nje. Nimechelewa.

Ijumaa, 29 Machi

Ilikuwa zamu ya dawa ya tano. Hawakumpa.

Kwanza walimpima moyo. Ni chumba cha giza, kitanda chembamba, na kioo ambacho moyo unaonekana ukifunguka na kufunga kama kinywa cha samaki. Mpimaji alimpaka Bibi mafuta baridi kifuani. Bibi akamwambia, "Taratibu, kijana, mume wangu mwenyewe alikuwa anabisha hodi kwanza." Mpimaji akacheka. Kisha akaendelea kutazama kioo, na hakucheka tena.

Daktari ni mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba. Anaongea na Bibi moja kwa moja, hampitii juu ya kichwa kuniambia mimi. Alisema moyo umeanza kuchoka. Si dawa nne hizi tu. Moyo wenyewe ulikuwa na uchovu wake wa zamani. Bi Harusi haendelei. Kuna dawa nyingine, ya taratibu, itazuia kadiri itakavyoweza. Nimeandika maneno yake kamili: "kadiri itakavyoweza".

Nikamwuliza kuhusu kaboni. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa: mbebaji, uchachu, kuachia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka miwani machoni kunitazama. Alisema amesoma habari hizo, na kwamba aliyenifundisha amenifundisha vizuri. Lakini kwenye kabati lake haipo, wala kwenye kabati la hospitali yoyote anayoijua.

Bibi akasema, "Aliyemfundisha ni binti yangu," na kiti cha plastiki alichokalia kikawa kama kiti cha enzi.

Njiani Bibi aliniegemea. Mwepesi! Kama gauni lisilo na mtu ndani.

Jumamosi, 30 Machi

Niandike pole pole, nisikose neno.

Nilikaa na simu chumbani kwa Bibi, nikaweka sauti ya nje. Yeye ndiye aliyetaka. Amesema ana hamu ya kumsikia tu, yeye hataongea. Mjomba alisimama mlangoni, futi shingoni.

Mama alipiga, na kabla ya salamu kuisha akauliza hali ya mama wa rafiki yangu. Nikamweleza. Moyo umechoka, dawa nyekundu imesimamishwa. Nikamwuliza swali nililolala nalo wiki tatu nzima: dawa yake mwenyewe, ile ya mkaa uliosoma, itamfaa mtu huyo?

Hakunidanganya. Alisema bado wanaijaribu kwa panya. Kwa panya mioyo inapona vizuri kuliko ile ya dawa tupu, na hilo ni jambo kubwa, alilia siku alipoliona. Lakini maini ya panya yanabaki na vidoa vyeusi, mkaa hautoki wote, na hawajui vidoa hivyo vitafanya nini baada ya miaka. Mtu hawezi kupewa kitu ambacho hujui kinabaki wapi. Labda miaka kumi. Labda isiwe kabisa, na mwingine aanzie pale alipoishia yeye.

"Mwambie rafiki yako asingoje dawa yangu," alisema. "Akae na mama yake. Ampikie anachokitaka, amsomee, amkune mgongo. Na kama kuna ndugu yao yuko mbali, aitwe. Mimi, angekuwa ni mama yangu, ningekuwa nimeshapanda ndege."

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama dari. Machozi yalikuwa yanateremka pembeni, yanaingia masikioni, na yeye hayafuti.

Nikasema, "Na panya je?"

Mama akasema panya watalishwa na mtu mwingine. Akasema hata kazi inaweza kushikwa na mtu mwingine kwa muda, ingawa hakuna mwanafunzi anayependa kuliona hilo. Kisha akauliza Bibi yuko wapi. Mbona kila Jumamosi kalala?

Bibi akatikisa kichwa. Hapana.

Nikasema, kalala.

Na pale pale, Bibi akakohoa.

Nilisikia pumzi ya Mama. Nilisikia hata kitu kinachovuma huko aliko, mashine labda.

"Anakohoa usingizini?" akauliza.

Mjomba akaingia, akachukua simu, akasema mtandao mbaya, dada, hatukusikii, na akakata. Tulikaa pale watatu kama wezi walioshikwa na tochi.

Jumapili, 31 Machi

Asubuhi Bibi hakusema lolote kuhusu jana. Aliomba uji, akanywa nusu. Akamtania Mjomba kwamba suruali aliyoshona kwa jirani ina mguu mmoja wa kwenda sokoni na mwingine wa kurudi. Kisha akaniita.

"Mke mwenza," hivyo huniita akiwa na raha, "nenda ukawashe pasi."

"Pasi ya umeme ipo, Bibi."

"Nimesema pasi."

Nikatia mkaa, nikapepea mpaka ukawa mwekundu. Akanituma nitoe gauni la samawati la mama yangu sandukuni, lile la kola nyeupe. Akataka nilipige pasi mbele yake. Alikaa kwenye kiti akiniongoza: kola kwanza, kwa upande wa ndani, mikono, kiuno usikikandamize. Mara moja alinyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya changu, tukasukuma pamoja. Mvuke ulipanda. Na humo, nakuapia wewe karatasi, kulikuwa na harufu kidogo. Sabuni, na kitu kingine. Yeye!

Bibi naye aliisikia. Alifumba macho.

Nilitundika gauni mlangoni. Nikamwuliza: ina maana naweza kumwambia?

"Mimi nimesema gauni," akajibu. "Kuna neno jingine umenisikia nalisema?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Gauni likishapigwa pasi halirudishwi kwenye sanduku. Litajikunja." Akalala. Amelala kweli safari hii, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya shuka.

Nimekaa kizingitini. Mjomba amepeleka suruali ya jirani na simu ameenda nayo. Tangu asubuhi imelia mara mbili, namba ya Mama, na yeye hakupokea, aliniangalia tu. Akirudi nitaichukua. Sitapiga, nitashindwa kusema. Nitaandika, na ninaandika hapa kwanza ili nisikosee:

Mama, shikamoo. Hakuna mama wa rafiki yangu. Ni Bibi. Tangu kabla ya mwaka mpya. Aliyekunywa mkaa ni yeye, na alikunywa kwa sababu ni wako. Moyo ni wake. Kikohozi ni chake. Alituapisha kwa ajili yako, usimkasirikie, na Mjomba pia usimkasirikie. Dawa yako iache huko na panya wako, mwingine aishike kwa muda, sisi hatuingojei tena. Hatuhitaji uje na kitu. Gauni lako la samawati limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni, na mimi nimekuwa mrefu, usishtuke. Jana ulisema kama angekuwa mama yako ungekuwa umeshapanda ndege. Nijibu leo leo, kabla Bibi hajaamka: unapanda lini?